Kambi ya Kiangazi Kandoni mwa Ziwa Mburo

Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya polisi hana haja ya kuelezwa maana ya neno kambi. Amelala katika nyumba ya mabati ya mviringo, iliyo joto kama tanuri mchana na baridi kama pango usiku. Ameamshwa na firimbi alfajiri. Amepanga foleni ya maji kwenye bomba moja pamoja na jamaa wa nyumba nyingi. Kwa hiyo sajini mmoja wa polisi wa Kampala, mwenye umri wa miaka 47, alipowaambia watoto wake watatu mnamo mwezi wa Julai 2023 kwamba wakati wa likizo wangekwenda kukaa kambini, kitinda mimba wake alimwuliza kwa mshangao, "Baba, kwani sasa tunakaa wapi?"

Swali hilo liliwachekesha wote, na sajini naye alicheka. Akaeleza kwamba kambi aliyoikusudia ni ya mahema, kandoni mwa ziwa, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo, mwendo wa kilomita zipatazo 240 kutoka Kampala kwa barabara ya Masaka na Mbarara. Wangeona punda milia na viboko. Jambo ambalo hakulieleza siku ile ni kwamba yeye mwenyewe alizaliwa ndani ya mbuga hiyo, wakati ambapo bado ilikuwa malisho.

Yafaa historia hiyo isemwe kwa ufupi, maana wengi huiona mbuga kama kitu kilichoumbwa pamoja na milima. Nchi ile ya Nyabushozi ilikuwa malisho ya Wahima na ng'ombe wao wenye pembe ndefu tangu zamani. Mwaka 1933 serikali ya ukoloni iliifanya eneo la kuwinda kwa kibali. Baadaye mbung'o walienea, ng'ombe wakafa, wafugaji wakahama. Na katika jitihada za kuwaondoa mbung'o hao, wanyama wa mwitu walipigwa risasi kwa wingi na vichaka vikafyekwa. Mwaka 1963 pakawa hifadhi, lakini wenyeji waliendelea kukaa humo na mifugo yao. Ndipo mwaka 1983 ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa, na maelfu ya watu wakaondolewa.

Sajini alikuwa na umri wa miaka saba. Akumbukavyo ni kamba ya ndama mkononi mwake, na mama yake akitembea mbele na vyanzi viwili, yaani vyombo vya mti vya kukamia maziwa, akivibeba kifuani kama watoto pacha. Mwaka 1985, serikali ilipoanguka, wengi walirudi kwa hasira, majengo ya mbuga yakabomolewa, na wanyama wakauawa kwa makusudi ili pasibaki sababu ya kuwako mbuga. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliorudi. Mwaka 1986 serikali mpya iliipunguza mbuga na kuwaachia wananchi sehemu kubwa ya ardhi, na jamaa hii ikapata mahali nje ya mpaka, upande wa Sanga. Lakini kilima walichokaa zamani kilibaki ndani. Tangu hapo mama yake sajini hakukanyaga huko, ingawa kila asubuhi alikuwa akikiona akisimama mlangoni.

Kwa hiyo safari hii haikuwa ya viboko tu. Sajini alitaka mama yake aende nao.

Mama alikataa. Mwanawe alipompigia simu mara ya kwanza, alijibu kwa swali moja: "Mtu hulipa kiingilio ili aone kwake?" Sajini, ambaye kazini hutoa amri na kutiiwa, hakuwa na jibu. Alijaribu kusema kwamba mwananchi hutozwa kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo, na kwamba kwa mujibu wa sheria sehemu ya ishirini katika kila mia ya viingilio hurudishwa kwa wilaya zinazopakana na mbuga, ndipo yakajengwa madarasa na zahanati. Yote ni kweli, na yote hayakumsaidia. Aliyemshawishi bibi ni mkewe sajini, tena bila hoja yoyote. Alimwambia tu kwamba watoto hawajui Kinyankole, kwamba wamekulia katika Kiswahili cha kambini na Kiganda cha sokoni, na kwamba yeye, mkwe aliyetoka mashariki ya nchi, hawezi kuwafundisha. "Watakaa siku tatu bila televisheni, Mama. Hutawapata tena hivyo." Mzee akanyamaza, kisha akauliza kama ndani ya hema kuna baridi.

Walisafiri mwishoni mwa Agosti katika pikapu ya kuazima, shule zikiwa zimefungwa na mvua za Septemba hazijaanza. Huo ndio wakati unaofaa. Katika kiangazi madimbwi ya mbali hukauka, na wanyama huteremka kwenye ziwa na mabwawa; nyasi huwa fupi, macho huona mbali, na magurudumu hayazami. Mvua zikisha kuanza wanyama hutawanyika, na mwenye hema hubaki kutazama ukungu na kukausha blanketi.

Mke wa sajini alikuwa amefungasha kwa akili: unga wa posho, maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa ili kuni zisiende bure, chumvi, majani ya chai, taa mbili na betri za akiba, vyandarua, dawa ya tumbo, na maji ya kunywa ya siku tatu. Vyakula vyote aliviweka katika sanduku la bati lenye kufuli, maana alikuwa ameambiwa juu ya tumbili. Bibi alipochukuliwa kwake Sanga alikuja na fimbo, shuka nzito, chanzi kidogo chenye maziwa, na kopo kubwa tupu lililokuwa la samli. Mkwewe alilitazama kopo hilo akatabasamu, akadhani ni mazoea ya wazee ya kutotupa kitu.

Kabla hata ya kufika langoni watoto walikwisha ona punda milia, wakila majani kati ya ng'ombe wa watu, bila ugomvi. Hilo ni jambo la kawaida upande ule, kwa kuwa wanyama hawajui mpaka. Langoni sajini aliteremka kulipa. Bibi alibaki garini akitazama mbele. Risiti ilipoletwa aliiomba, akaikunja mara nne, akaifunga katika pindo la shuka yake.

Mahali pa kupigia kambi ni chini ya miti ya migunga, hatua chache kutoka majini. Sajini alisimamisha mahema mawili kama aliyekuwa akikaguliwa na mkubwa wake, kamba zikiwa sawa kama mistari ya daftari, na watoto wakapiga saluti alipomaliza. Askari wa mbuga, kijana mpole mwenye bunduki begani, alikuja akatazama, akasifu kazi, kisha akaomba hema moja lihamishwe. Akaonyesha kwa kidole njia nyembamba iliyokanyagwa katika nyasi, iliyotoka ziwani na kupita pale pale penye mlango wa hema. Hiyo, alisema, ni barabara ya kiboko. Sajini aling'oa mambo na kuanza upya, na safari hii hakuna aliyepiga saluti.

Jioni ile ilipita upesi kwa kazi za kuni na moto. Familia ya ngiri ilipita kati ya mahema, mikia ikiwa wima, kama wapangaji wanaorudi nyumbani, na kitinda mimba akakatazwa mara tatu kuwapa posho. Katazo hilo ni la haki. Mnyama aliyezoezwa chakula cha watu hatimaye humjeruhi mtu, na akisha kumjeruhi mtu, yeye ndiye anayeuawa.

Usiku ndio uliokuwa na mambo. Bibi na wajukuu watatu walilala hema moja, sajini na mkewe jingine. Yapata saa saba pakasikika kishindo majini, kisha kupumua kwa nguvu kama mvuto wa mvukuto wa mhunzi, kisha sauti ya nyasi zinazong'olewa, mfano wa mtu achanaye kitambaa kizito polepole. Kiboko hushinda majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na usiku hutoka kula. Kwa usiku mmoja aweza kumaliza nyasi za kilo 40. Uzito wake hupita tani moja, na kwa mwendo mfupi humshinda mtu kwa mbio. Mwenye kumkuta nchi kavu, jambo la kwanza asimame wapi ndilo litakaloamua maisha yake: asiwe kamwe kati yake na maji.

Wakati huo huo kitinda mimba aliamka akitaka kwenda haja ndogo.

Sajini alimsikia kutoka hema la pili. Miaka ishirini na mitatu ya kazi ilimwambia ainuke, achukue tochi, atoke. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye zipu ya mlango aliposikia sauti ya mama yake katika giza, ndogo lakini kali, kwa lugha ambayo kwayo alipigiwa kelele utotoni: "Kaa hapo!" Akakaa. Kisha katika hema la watoto pakasikika mlio mwembamba wa kopo la samli likitumika, na kicheko cha msichana kilichozibwa kwa shuka. Kiboko aliendelea kula. Alizunguka mahema yote mawili, akapita karibu hata hema likatikisika kwa pumzi yake, na baada ya muda mrefu sana akaenda zake. Hapana aliyelala tena upesi. Mke wa sajini alimnong'oneza mumewe kwamba kesho yeye mwenyewe ataliosha kopo hilo.

Asubuhi walikwenda kwa miguu pamoja na askari wa mbuga. Mburo ni miongoni mwa mbuga za Uganda ambamo mgeni aweza kutembea nchi kavu akilindwa na mwenye silaha, kwa kuwa humo hamna tembo, na simba wakazi waliangamizwa miongo mingi iliyopita. Nyati wako, na chui, na fisi, kwa hiyo mtu hutembea kwa mstari na hasemi ovyo. Waliona pofu, walio wakubwa kama fahali na waoga kama mbuzi. Waliona nyamera amesimama juu ya kichuguu kama mlinzi. Waliona swala pala kwa makundi. Inasemwa kwamba hao ndio walioupa mji wa Kampala jina lake, tangu zama ambazo kilima chake kilikuwa malisho yao. Leo mtoto wa Kampala hana budi kusafiri nusu siku ili kuwaona.

Bibi, aliyekuwa amefunga kinywa tangu langoni, alianza kusema. Hakuwataja wanyama kwa majina yao. Alimtazama nyamera, mwenye rangi nyekundu iliyokolea, akasema, "Bihogo." Akamtazama swala pala, aliye wa rangi hafifu, akasema, "Gaaju." Hayo ni majina ya rangi za ng'ombe, na Wahima wanayo mengi. Binti mkubwa aliyakariri. Mwana wa kati akajaribu kumpa jina punda milia, na bibi akacheka kwa mara ya kwanza, akasema ng'ombe wa namna hiyo angeuzwa siku hiyo hiyo.

Kisha akamwuliza askari kwa nini vichaka vimekuwa vingi hivi. Zamani, alisema, kutoka kilimani mtu aliona ng'ombe akinywa ziwani. Kijana alikiri kwamba ni kweli, kwamba migunga imezidi kuenea na kuyameza malisho, na kwamba mwaka 2015 waliletwa twiga 15 kutoka mbuga ya Murchison Falls, na mojawapo ya matumaini ni kwamba watasaidia kuipunguza migunga hiyo. Bibi alisikiliza tafsiri ya mwanawe mpaka mwisho. "Sisi tulichoma majani kila kiangazi," akasema, "na ng'ombe wakamaliza kazi. Mmetutoa, sasa mnaajiri twiga." Askari hakukasirika. Alisema kwamba nyanya yake mwenyewe, aliyeko kijiji cha jirani, husema vivyo hivyo.

Walipopanda kilima walifika mahali palipo wazi, mviringo, penye nyasi fupi za kijani ingawa pande zote zilikuwa za manjano kwa ukame. Swala pala wapatao thelathini walikuwa wakila hapo, wakaondoka bila haraka. Mgeni angepita tu. Lakini bibi alisimama, akaigonga ardhi kwa fimbo yake. Boma la ng'ombe likikaa mahali kwa miaka, samadi huingia ardhini, na hata baada ya miaka arobaini nyasi za hapo huwa tamu kuliko za kando, nao wanyama huzijua. Hapo palikuwa zizi. Akatembea hatua kadhaa upande wa mashariki akasema, "Hapa moto." Akatembea tena. "Hapa alizaliwa baba yenu."

Watoto walimtazama baba yao. Ndivyo walivyopata habari.

Kutoka pale ziwa lilionekana lote, likimeremeta, na ng'ambo yake vilima vya Kigarama. Bibi aliketi akawahadithia, kijana wake akitafsiri, habari ya ndugu wawili waliokaa bondeni zamani. Kigarama aliota ndoto kwamba bonde litaangamia, akamwambia ndugu yake Mburo wahame. Mburo hakuamini. Kigarama akapanda milimani. Maji yakaja, bonde likajaa, Mburo akazama. Ndiyo sababu ziwa lina jina la mmoja na vilima jina la mwingine. Binti mkubwa aliuliza kama Kigarama aliwahi kurudi kumtafuta nduguye. Bibi akasema hadithi haisemi.

Walipokuwa tayari kuteremka, mzee aliinama akachota udongo wa zizi, kiganja kimoja, akaanza kufungua pindo la shuka, lile lile lenye risiti.

Sheria ya mbuga ni kwamba kitu hakitoki, si ua, si jiwe, si unyoya. Askari aliiona, akatazama pembeni kama aliyesikia ndege, akamwachia jambo lile mwana wa mwenyewe. Sajini alisimama kati ya watoto wake na mama yake. Kwa miaka mingi amewaambia watoto hao kwamba sheria haina shangazi wala mjomba. Na watoto walikuwa wakimtazama. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, hairuhusiwi."

Bibi alimkazia macho kwa muda. Kisha akafungua kiganja, udongo ukaanguka. Akanyosha mikono yote miwili mbele ya mwanawe, jinsi watuhumiwa wafanyavyo wakingojea pingu, vumbi jeusi likiwa katika mistari ya viganja. "Na hili lililobaki," akauliza, "nalirudishaje?" Sajini hakusema neno. Mzee akaipangusa mikono yake juu ya vichwa vya wajukuu, mmoja mmoja kwa zamu, akajitangulia kuteremka.

Hakusema na mwanawe siku nzima. Alasiri walipanda mashua, na huko ndiko watoto walikofurahi kuliko kote: viboko wakizama na kuibuka, mamba mmoja amelala kwenye matope kama gogo, mdiria akijitupa majini na kutoka na samaki, kwazi akiita juu ya mti mkavu kwa ile sauti yake isiyosahaulika. Mwenye mashua alieleza kwamba mto Rwizi uletao maji ziwani humo hutoka upande wa Mbarara, na kwamba ziwa hili ni moja kati ya matano yaliyo ndani ya mbuga. Sajini alitikisa kichwa kwa adabu lakini hapana shaka hakusikia hata nusu yake. Wala haifai kumlaumu. Mtu aweza kuwa amefanya haki na bado asipate raha nayo.

Usiku wa pili kiboko hakuja. Sajini alikaa peke yake penye moto mpaka watu wote walipolala, au alipodhani wamelala. Mama yake alitoka na shuka yake, akaketi upande wa pili wa moto, akamimina maziwa yaliyobaki katika chanzi, yaliyokwisha kuganda, akampa. Alikunywa. Wakazungumza juu ya ng'ombe aliye mgonjwa huko Sanga, na bei ya dawa, na kama ua la upande wa barabara litafaa kujengwa upya kabla ya mvua. Habari ya udongo haikutajwa.

Asubuhi walikunja mahema. Takataka zote zilitiwa katika gunia na kupakiwa, na majivu yakamwagiwa maji mara mbili, mkewe sajini akayagusa kwa mkono ili kuhakikisha. Langoni askari alichungulia nyuma ya gari kama ilivyo desturi, akaona mahema, sanduku la bati, na kopo la samli linalong'aa kwa kuoshwa. Kitinda mimba, ambaye vumbi bado lilikuwa katika nywele zake kwa sababu alikataa kuoga, alimwita bibi yake kwa Kinyankole, Kaaka, akamwuliza kwa Kiswahili kama kiboko yule ni bihogo au gaaju.

Bibi aligeuka kwa sajini angoje tafsiri. Kisha akamwuliza ni mwezi gani shule hufungwa tena.

"Desemba, Mama. Lakini Desemba nyasi huwa ndefu. Afadhali Agosti."

"Basi Agosti," akasema mzee. "Na hema lile la pili ulisogeze zaidi. Bado lilikuwa njiani."